Dawa ya nozeli kabla ya ukaguzi wa gari: mwongozo kamili kutoka Malindi

Mwaka wa kwanza kuipeleka Probox yangu ukaguzini nilifanya kosa ambalo nimewaona wengi wakilirudia. Asubuhi ya siku yenyewe nilinunua chupa mbili za dawa ya kusafisha nozeli, nikazimimina zote kwenye tangi lililobakia robo, nikapiga stati nikaondoka. Kabla sijafika mbele ya foleni injini ilikuwa imeshaanza kukohoa. Mkaguzi akatazama moshi, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni nikampelekea fundi wangu pale Maweni. Akainama, akanusa ekzosi, akauliza, "Mzee, umetia ngapi?" Nilipomwambia alicheka mpaka akaweka spana chini. "Sasa wewe, dawa ya wiki mbili umeinywa yote siku ya mtihani."

Tangu hapo gari limepita kila mwaka, na dawa bado natumia. Nilichobadilisha ni mpangilio: natia lini, kiasi gani, nikishatia naenda wapi, na zaidi ya yote, ninahakikisha kwanza kama ugonjwa wenyewe unatibika kwa chupa. Haya hapa chini ni kwa mwenye gari la petroli lenye nozeli. Wenye dizeli na tuktuk nitawafikia mwishoni. Ndugu zetu wa kisiwani Lamu wenye punda, nyinyi someni kwa kujifurahisha tu.

Dawa inaosha nini hasa

Nozeli kazi yake ni kupuliza petroli iwe kama ukungu, kupitia matundu membamba kuliko tundu la sindano. Ukizima injini iliyo moto, tone dogo la petroli hubaki kwenye ncha ya nozeli. Moto wa injini huliivisha tone hilo, sehemu nyepesi ikapaa na sehemu nzito ikaganda. Ni ukoko ule ule wa chini ya sufuria ya wali, tofauti ni kwamba huu hauliwi hata na paka. Unazima na kuwasha mara ngapi kwa siku? Mtu anayetoka Shella kwenda sokoni, akazima, akaenda Barani, akazima, akarudi nyumbani kula, huyo anapika ukoko mara sita kwa siku, na injini haipati nafasi hata moja ya kukimbia ikajiunguzia uchafu. Ndiyo maana gari la mjini huchafuka upesi kuliko linalokwenda Mombasa kila siku, hata kama hilo la Mombasa lina kilomita mara tatu yake.

Nozeli yenye ukoko haipulizi ukungu, inadondosha. Matone hayaungui yote. Petroli isiyoungua hutoka kwa nyuma kama hidrokaboni, na iliyoungua nusu hutoka kama kaboni monoksidi. Hizo ndizo gesi mbili ambazo mashine ya kupima ekzosi huzitafuta kwa gari la petroli. Hata pale panapotegemewa macho peke yake, sheria za barabarani za Kenya haziruhusu gari litoe moshi ambao ungeweza kuzuiwa, kwa hiyo moshi mweusi unatosha kukurudisha nyumbani.

Ukoko huo pia hukaa mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa na juu ya pistoni. Dawa nzuri huufikia wote, ila kwa sharti moja: petroli iwe inapita juu ya valvu. Probox, Fielder, Sienta za zamani na nyinginezo nyingi tunazoendesha zina nozeli zinazopulizia kabla ya valvu, kwa hiyo zinafaidika. Lakini injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za Toyota zilizoandikwa D-4, petroli haiwahi kugusa mgongo wa valvu. Utamwaga dawa mpaka uchoke, nozeli itasafika na valvu zitabaki na masizi yake. Hizo hufunguliwa manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, zikasafishwa kwa mkono. Niliwahi kumwona jirani akitia chupa ya nne kwenye Noah ya namna hiyo, na sikuwa na moyo wa kumwambia kabla hajamaliza kumimina.

Wiki tatu kabla: tazama moshi, usome kompyuta

Anza mapema. Magari ya biashara na ya abiria hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na miadi huwekwa mtandaoni. Siku unayoweka miadi iwe ndiyo siku ya kuanza kazi hii, na tarehe utakayochagua iwe angalau wiki tatu mbele.

Washa gari asubuhi likiwa baridi, mtu mwingine akanyage mafuta taratibu, wewe simama nyuma pembeni. Usifanyie ndani ya banda lililofungwa, kwani kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Weka karatasi nyeupe mbali kidogo na mdomo wa ekzosi uone inashika rangi gani.

Moshi mweusi na masizi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa. Hapa dawa ina nafasi ya kusaidia, ingawa ea klina iliyoziba au sensa mbovu huleta moshi huo huo. Moshi wa bluu, hasa ukikanyaga baada ya kuteremka mlima au baada ya gari kukaa likinguruma, ni oili inaungua: ringi au sili za valvu zimechoka. Weka pesa zako mfukoni, hakuna chupa inayorudisha ringi. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya hedi. Kijivuke kidogo cha asubuhi kinachopotea kwa dakika chache ni unyevu tu, na pwani hii unyevu tunao.

Halafu soma kompyuta ya gari. Fundi mwenye mashine ya daignosisi atafanya kwa dakika kumi. Ukiwa na kijisomaji kidogo cha bluetooth na simu unafanya mwenyewe, soketi iko chini ya usukani. Ukiona msimbo wa P0300, au P0301 hadi P0304, kuna silinda inayoruka moto, yaani petroli yake haiwaki kila mara: angalia plagi na koili kwanza. P0171 inasema hewa ni nyingi au petroli ni chache. Inaweza kuwa nozeli zimeziba, na hapo dawa ni jibu, lakini mara nyingi kwetu ni mpira wa vakyumu uliopasuka kwa joto, kitu ambacho ungekibadilisha kwa pesa ya chai. P0420 inahusu katalisti, lile kopo kwenye ekzosi lenye sega kama la nyuki ndani, lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kuunguza gesi zilizobaki. Kwa sababu ya madini hayo wako watu hulikata wakaliuza, na mnunuzi wa gari hajui mpaka siku ya kupimwa. Gonga kopo kwa ngumi gari likiwa baridi: likilia kama debe tupu au likichezacheza kokoto ndani, hilo limekwisha.

Tazama pia namba inayoitwa marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (kwenye kisomaji huandikwa long term fuel trim). Inaonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi ili mambo yakae sawa. Ikiwa ndani ya kumi, juu au chini ya sifuri, injini haihangaiki sana. Ikipanda zaidi ya hapo kwa upande wa kuongeza, na mipira yote ni mizima, nozeli zina kiu. Iandike hiyo namba mahali. Utaihitaji baada ya dawa, kwa sababu macho hudanganyika na mtu aliyetoa pesa hupenda kuona mabadiliko.

Kabla ya chupa, vitu vya bei rahisi

Toa ea klina uipige dhidi ya kiganja. Kama umekuwa ukienda Marafa au Baricho, vumbi litakalotoka litakushangaza. Badilisha, usiioshe kwa petroli kama nilivyomwona mmoja akifanya. Fungua plagi, zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi yenye rangi ya kahawia ya biskuti au kijivu cha majivu ni nzima. Nyeusi kavu yenye unga kama wa chungu cha kuni imeshiba petroli. Nyeusi yenye mafuta yanayong'aa ni oili. Moja ikiwa tofauti na zile tatu, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo peke yake, na hiyo ni habari njema kwa mfuko wako.

Oili usibadilishe bado.

Kuchagua chupa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rafu ya duka la spea ina chupa ishirini zinazofanana, zote zina picha ya gari la mashindano. Geuza nyuma usome maandishi madogo. Unachotafuta ni neno polyetheramine, au herufi PEA. Hiyo ndiyo kemikali inayostahimili joto la ndani ya silinda na kung'oa masizi ya nozeli, valvu na juu ya pistoni. Ya pili, yenye polyisobutylene, husafisha valvu vizuri lakini ikizidi nayo huacha mabaki yake kwenye chemba. Na kuna kundi la tatu ambalo ukilinusa ni mafuta ya taa yaliyovaa suti. Chupa isiyosema ndani kuna nini, iache hapo hapo ilipo.

Usichanganye dawa ya kusafisha na dawa ya kuongeza okteni, yaani uwezo wa petroli kuungua bila injini kugonga. Chupa zinafanana, rafu ni moja, kazi ni mbalimbali. Baadhi ya dawa za okteni zina madini ya chuma au manganizi ambayo hupaka plagi rangi nyekundu kama kutu na kuichosha katalisti, yaani kinyume kabisa cha ulichokwenda kutafuta. Petroli yetu iliachana na risasi mwaka 2006 ili katalisti ziishi. Ni hasara kuzirudishia sumu nyingine kwa chupa.

Kuhusu tiba za mtaani: kutia asetoni au thina hula mipira na sili za pampu, na kutia mafuta ya taa kwenye petroli huteremsha okteni mpaka injini inagonga. Tena mafuta ya taa kwenye mafuta ya gari ni kosa la sheria. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kusudi kuua biashara ya kuchanganya. Ukinunua petroli ya kwenye jeriken kando ya barabara kwa sababu ni rahisi, usije ukalaumu dawa.

Kupima na kumimina

Soma chupa inatosha lita ngapi, kisha piga hesabu ya tangi lako. Mfano wangu: chupa ya mililita 300 imeandikwa kwa lita 60. Hiyo ni mililita 5 kwa kila lita. Tangi la Probox yangu ni lita 50, kwa hiyo nahitaji mililita 250, na zinazobaki nafunga kifuniko naweka kivulini. Kama pesa inatosha lita 30 tu leo, basi natia 150. Uwiano ndio muhimu. Kosa langu la mwaka ule lilikuwa mililita 600 ndani ya lita kama kumi na mbili, yaani mara kumi ya kipimo.

Nenda kituo cha mafuta tangi likiwa karibu na tupu. Mimina dawa kwanza, ndipo ujaze, ili petroli inayoingia kwa nguvu iikoroge. Vaa glavu, na usidondoshe kwenye bodi, hula rangi. Ukidondosha osha papo hapo. Kama gari limekaa miezi bila kuendeshwa, au tangi limekuwa likilala nusu tupu kwenye unyevunyevu huu wetu wa bahari, fyonza petroli ya zamani kwanza. Dawa ya nozeli haiondoi maji.

Barabarani

Watu wengi humimina wakaendelea na safari zao za sokoni. Dawa inafanya kazi injini ikiwa moto na petroli ikipita kwa wingi, kwa hiyo ipe barabara. Mimi hutoka asubuhi mapema, napita Gede, nashuka mpaka Kilifi, nanunua korosho darajani kama kisingizio, narudi. Ni zaidi ya kilomita mia kwenda na kurudi, kwa mwendo wa 80 hivi, bila kusimamasimama. Mara mojamoja nashusha gia na kuiacha injini izunguke juu kwa dakika moja au mbili, kisha narudi mwendo wa kawaida. Hakuna haja ya kuvunja sheria ya mwendo, mizunguko unaipata kwa gia.

Kilomita hamsini za mwanzo gari linaweza kutetereka kidogo au kutoa moshi zaidi. Ni ukoko unaoondoka. Ila likizimika ukikanyaga, au likikosa nguvu kupanda daraja, kuna uwezekano uchafu wa tangini umekimbilia filta ya mafuta. Kwenye gari kuukuu ambalo filta haijawahi kuguswa, jambo hili hutokea sana, na kwa Probox filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu, si kazi ya kufanyia kando ya njia. Badilisha mapema kama hujui historia yake.

Taa ya injini ikiwaka kwa kupepesa, ondoa mguu. Hiyo ni silinda inaruka moto na petroli mbichi inaingia kwenye katalisti na kuichoma. Usiendelee na "safari ya dawa", rudi polepole kwa fundi.

Maliza tangi hilo mpaka robo. Usiongezeongeze njiani, utaipunguza makali.

Tangi la pili, kisha oili

Jaza tena petroli tupu, isiyo na dawa, na uendeshe angalau nusu yake. Sababu mbili. Kwanza, mashine isije ikapima dawa badala ya petroli. Pili, kompyuta ya gari inahitaji safari kadhaa ili ijifunze nozeli zilizosafika zilivyo na kurekebisha kipimo chake. Rudi kwenye ile namba uliyoiandika. Kama ilikuwa juu na sasa imesogea kuelekea sifuri, pesa yako imefanya kazi. Kama haijatikisika hata kidogo, tatizo halikuwa nozeli, na chupa ya pili haitabadilisha jibu.

Sasa ndiyo saa ya oili. Sehemu ya dawa na petroli isiyoungua huteleza kupita ringi ikaingia kwenye oili, kisha mvuke wake hurudishwa kwenye hewa inayovutwa na injini. Oili chafu, iliyokolea petroli, inaweza kupandisha namba za ekzosi peke yake. Badilisha oili na filta yake wiki moja kabla ya ukaguzi, wala usizidishe kipimo.

Siku yenyewe

Katalisti baridi haifanyi kazi. Inahitaji kufika nyuzi 300 za Selsiasi hivi ndipo iamke. Ukifika kituoni ukazima gari ukakaa saa nzima chini ya mkilifi, umeipeleka katalisti iliyolala mbele ya mashine. Endesha dakika ishirini kabla ya kufika. Kwenye foleni, zikibaki gari mbili tatu mbele yako, washa, na shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, kabla ya zamu yako. Zima AC. Hakikisha ekzosi haivuji popote, kwa sababu hewa inayoingia kwa tundu huharibu usomaji.

Ukipewa karatasi ya gesi, isome kabla ya kulalamika. Uingereza, kwa mfano, gari la petroli lenye katalisti hupimwa injini ikizungushwa kasi, na kaboni monoksidi haitakiwi kuzidi asilimia 0.2, hidrokaboni sehemu 200 kwa milioni, na lambda, yaani kipimo cha hewa dhidi ya petroli, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Kikomo cha kwako ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi yako, lakini hizo zinakuonyesha injini yenye afya inafananaje. Lambda 1 maana yake hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya petroli. Kaboni monoksidi juu na lambda chini ya 1, petroli imezidi: nozeli inavuja, sensa ya oksijeni imechoka, au presha ya pampu si sawa. Hidrokaboni juu peke yake, moto unaruka: plagi, koili, au mgandamizo. Zote mbili juu kidogo na lambda iko sawasawa, macho yaelekee kwenye katalisti.

Dizeli na tuktuk

Dizeli hupimwa weusi wa moshi, injini ikikanyagwa mpaka mwisho mara kadhaa gari likiwa limesimama. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote angalia mkanda wa taiming na kiwango cha oili. Mkanda uliochoka unaweza kukatika pale pale. Nunua dawa iliyoandikwa dizeli, ile ya petroli hailainishi pampu. Kwenye Hiace fungua kizibo cha chini ya filta ya dizeli, umwage maji kwenye chupa ya plastiki na uyatazame: yakijitenga chini, umepata nusu ya ugonjwa bure. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, kwa hiyo moshi mweusi mzito siku hizi ni nadra kuwa kosa la mafuta halali. Tafuta kwenye nozeli, turbo, ea klina na valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Ratiba ya safari ni ile ile, isipokuwa mzigo kidogo nyuma husaidia kuipa injini joto.

Tuktuk yenye kabureta usiitilie chupa. Fungua kabureta, toa jeti, yaani vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli, pulizia dawa ya kopo, zioshe, kisha zielekeze kwenye jua uchungulie kama tundu linapitisha mwanga. Usichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua tundu na tuktuk itakunywa petroli kama harusi ya watu wengine. Unywele mmoja wa ufagio wa chelewa unatosha.